Jetiski ya mjomba na historia ya mpira wa kijivu

Wasomaji wangu, najua nimepotea. Wengine mmeniuliza kama nimeacha kalamu au kalamu ndiyo imeniacha. Wala. Nilikuwa Kigamboni, wikiendi tano mfululizo, mikono imejaa grisi, nimeshika tochi huku fundi akinifokea kwamba namulika ukuta badala ya injini. Nimerudi na hadithi ya kabureta. Usikimbie kwanza. Ndani yake kuna Mmarekani aliyechoka kuangukia changarawe, kuna uchakachuaji, kuna kiinua mgongo cha mjomba wangu, na kuna binamu yangu ambaye tulikaribia kumkosa.

Nianze na huyo binamu. Ilikuwa Idd el-Hajj ya mwaka 2023, Idd Pili, jua linaelekea kuzama. Mjomba ana jetiski moja ya miaka ya 1990, ya viti viwili, aliyoinunua kwa watu walioileta kwenye kontena kutoka Dubai pamoja na majokofu na vitanda vya hospitali. Jina la kampuni iliyoitengeneza naliweka kapuni, maana ugomvi siutaki. Anaikodisha ufukweni siku za sikukuu. Jioni ile wateja walikuwa wamepungua, binamu akaichukua kuizungusha kidogo. Karibu na ufukwe ilikwenda vizuri tu. Alipofika mbali akavuta mafuta hadi mwisho, ikakohoa, ikapoteza nguvu, ikazimika. Akaiwasha, ikawaka. Akavuta tena, ikazimika tena. Safari ya tatu betri ikagoma.

Sasa msomaji kama wewe ni mtu wa Mbagala au Sinza na bahari unaiona ukiwa kwenye pantoni tu, nikukumbushe: mwezi wa sita ni msimu wa kusi. Upepo unatoka kusini, na mkondo wa pwani yetu nao unaelekea kaskazini. Kijana hana kasia, hana simu, ana jaketi la kuelea na filimbi. Akachukuliwa taratibu kuelekea huko meli zinakoingilia bandarini. Wavuvi waliokuwa wanarudi ndio waliomwona, giza limeshaanza, wakamfunga kamba na kumvuta. Alipofika nchi kavu hakusema neno. Mama yake alisema kwa niaba yake: chombo kile kiuzwe au kichomwe moto, na yeye kiberiti anacho.

Lakini mjomba alikuwa ametia humo kiinua mgongo chake. Na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa pili mwaka uleule pistoni moja ilitoboka juu, tundu kama sigara iliyozimiwa kwenye sahani ya plastiki. Akanunua pistoni, akalipa fundi, akaambiwa imepona. Ukimuuzia mtu chombo cha namna hiyo unamuuzia kaburi, na mjomba si mtu wa hivyo. Tukakubaliana: ugonjwa ujulikane kwanza, kuuza au kutouza baadaye.

Fundi wetu ni mzee wa injini za boti. Amezifungua zile za kupachika nyuma tangu kabla sijazaliwa, wavuvi wa Feri wanamwita daktari. Jetiski kwake ilikuwa mgeni. Alianza na kile anachokijua. Akatoa plagi: moja ya kahawia kama inavyotakiwa, nyingine nyeupe kama chaki. Plagi nyeupe maana yake silinda ile inapata hewa nyingi na mafuta machache, inaungua kwa ukavu. Akabadilisha plagi zote mbili. Ugonjwa uleule. Kisha akatamka neno ambalo kila Mtanzania mwenye chombo cha moto analijua: uchakachuaji.

Hapa niwakumbushe wadogo zangu mliokuwa shule ya msingi. Zamani kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo sana kuliko ya petroli na dizeli, kwa nia njema ya kumsaidia mtu wa koroboi. Wajanja wakaona biashara. Mafuta ya taa yakawa yanachanganywa kwenye petroli na dizeli, magari yanakufa barabarani, na neno kuchakachua likatoka kwenye visima vya sheli likaingia hadi kwenye uchaguzi wa mwaka 2010. Mwaka huohuo EWURA ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yagundulike, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Mwenye koroboi akalipia dhambi za mwenye tangi, lakini hiyo ni makala nyingine.

Kwa hiyo fundi hakuwa mjinga. Mafuta ya taa yakiingia kwenye injini ya petroli, mlipuko unakuja ovyo, na pistoni inaweza kutoboka vilevile. Sheli ambayo mjomba alizoea kununua, ambayo pia nitaiweka kapuni, ilikuwa na sifa zake mtaani. Tukamwaga tangi lote, tukanunua petroli upande wa pili wa jiji, tukachanganya na oili ya injini za mipigo miwili, lita moja kwa arobaini, tukaenda majini. Ikakohoa palepale ilipokohoa jana. Sheli ile nikaiomba msamaha kimoyomoyo.

Mimi injini sizijui. Ninachojua ni kusoma na kuuliza maswali hadi watu wachoke. Nikaenda nyumbani nikaanza kuitafuta asili ya mdudu huyu, nikiwa na swali moja tu: hiki chombo kilitengenezwa na nani, na alikuwa anafikiria nini?

Jetiski, kwanza, si jina la chombo. Ni jina la biashara la Kawasaki, kama sisi tunavyoita kila pikipiki ya magurudumu matatu bajaji hata kama imetoka kiwanda kingine. Mwenye wazo anaitwa Clayton Jacobson II, Mmarekani aliyependa mashindano ya pikipiki za vumbi. Katikati ya miaka ya 1960, baada ya kuanguka mara nyingi kwenye ardhi ngumu, akawaza kwamba ingekuwa raha kupata pikipiki ambayo ukianguka unaangukia maji. Ndiyo hivyo tu. Akatengeneza ya kwanza kwa bati la alumini, ya kusimama. Badala ya panga linalozunguka nje, ambalo lingemkata mtu anayeanguka, akatumia pampu ya ndani inayovuta maji na kuyarusha nyuma. Pampu za namna hiyo zilikuwa tayari duniani. William Hamilton wa New Zealand alizifanya maarufu miaka ya 1950, kwa sababu mito ya kwao ina mawe na kina kifupi. Jacobson alichokuja nacho kipya ni kukiona chombo cha majini kama pikipiki.

Mwaka 1968 kampuni ya Bombardier ya Canada, watengenezaji wa pikipiki za theluji, walitoa toleo lao la kukalia, wakaliita Sea-Doo. Injini yake ilipozwa kwa hewa, na maji ya chumvi yaliitafuna. Baada ya muda mfupi wakaliacha. Jacobson akahamia kwa Kawasaki, na mwaka 1973 ikaingia sokoni JS400, ya kusimama, injini ya mipigo miwili ya sentimita za ujazo 400. (Baadaye walifikishana mahakamani kugombania haki za wazo hilo. Ukiwa na wazo zuri tafuta na mwanasheria mzuri.) Yamaha wakaja na WaveRunner ya kukalia katikati ya miaka ya 1980, na Bombardier wakarudi na Sea-Doo mwaka 1988. Kufika mwaka 1995 Marekani peke yake ilikuwa inauza takriban vyombo 200,000 kwa mwaka. Ya mjomba ni mtoto wa miaka hiyo ya neema.

Haya, kaa mkao wa kula, maana hapa ndipo nilipoanza kumwelewa mgonjwa wetu.

Kabureta ya kawaida, ya gari la zamani au ya injini ya boti ya fundi wetu, ina kibakuli cha mafuta na boya ndani yake. Mafuta yakipungua boya linashuka na kufungua mlango. Yakijaa linapanda na kuufunga. Ni akili ileile ya tangi la choo. Inafanya kazi vizuri mradi chombo kisimame wima. Sasa Jacobson alikuwa anatengeneza chombo ambacho kazi yake ni kumwangusha mtu. Kinaruka mawimbi, kinalala ubavu, kinapinduka. Kibakuli cha boya kingemwaga mafuta kila baada ya dakika mbili. Dawa ilikuwa tayari ipo msituni: misumeno ya mnyororo, ile inayokata magogo ikiwa imelazwa vyovyote, ilikuwa inatumia kabureta zisizo na boya tangu miaka ya 1950. Badala ya boya kuna kiwambo, utando mwembamba kama wa ngoma, unaovutwa na mvuto wa injini na kusukuma kikono kidogo kinachofungua sindano ya mafuta.

Na pampu ya kuyatoa mafuta kwenye tangi? Nayo ni kiwambo. Hapa ndipo nilipomvulia kofia aliyebuni. Injini ya mipigo miwili, kila pistoni inapopanda na kushuka, chini yake kwenye nyumba ya krenki panavuta na kusukuma hewa. Wakatoboa hapo tundu dogo, wakaunganisha kampira kembamba hadi kwenye kiwambo cha pampu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kiwambo kinapigwa mara 100 kwa sekunde, kinavuta mafuta kupitia mpira mmoja na kuyasukuma mbele. Haina umeme, haina gia. Ni mapigo ya moyo. Mapigo hayo ni dhaifu sana, na ndiyo maana kizuizi kidogo tu njiani, au tundu la sindano kwenye mpira linaloingiza hewa, kinatosha kuifanya injini ishinde na njaa.

Halafu njaa hiyo ina ujanja. Injini ikinguruma polepole inahitaji mafuta kidogo, yanatosha. Mteja anakuja, unamwashia, inanguruma vizuri, anatoa pesa. Akifika mbali akavuta mafuta hadi mwisho, mahitaji yanapanda ghafla na njia imeziba. Na kwa kuwa oili imechanganywa humohumo kwenye petroli, mafuta yakipungua na ulainishaji umepungua. Pistoni inakosa chakula na maji kwa wakati mmoja. Ndiyo tundu la mwezi wa pili. Pistoni mpya ilitiwa, lakini sababu ya kufa kwa ile ya zamani iliachwa mlemle ikamsubiri mrithi.

Nikamrudia fundi na makaratasi yangu. Alisikiliza huku anakunywa kahawa, akasema, "Kijana, kumbe hii ni chensoo yenye kiti." Kuanzia hapo kazi ikaenda kwa mpango.

Kwanza ni pumzi ya tangi. Tangi la jetiski limefungwa ili likipinduka lisimwage, lakini lina kivalvu cha kuingiza hewa mafuta yanapopungua. Kikiziba, tangi linajinyonya na pampu inashindwa. Fundi akalegeza kifuniko tu, akajaribu. Hakuna mabadiliko. Kivalvu kizima. Pili, geji ya mgandamizo kwenye silinda zote mbili: zikalingana, kwa hiyo pistoni mpya bado ilikuwa haijaumia. Tatu, jaribio ambalo naliona la kiungwana kuliko yote. Alichukua kidumu cha petroli safi iliyochanganywa oili, akaunganisha mipira mipya miwili, mmoja wa kupeleka mafuta kwenye kabureta na mmoja wa kuyarudisha, akaliacha tangi na mipira yake yote pembeni. Jetiski ikafungwa kamba nyuma ya boti iliyotia nanga, kwenye maji ya kifuani, maana kina kikiwa kifupi pampu inakula mchanga. Kiti kiliachwa wazi muda mrefu kabla ya kugusa swichi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini ya bodi ukisubiri cheche moja. Msiige bila fundi, tafadhali.

Akawasha. Akavuta mafuta hadi mwisho. Kamba ikakaza, maji yakaruka nyuma, na ule mlio wa nyuki wenye hasira haukukatika. Nusu dakika. Dakika nzima. Mjomba alikuwa amesimama majini suruali imeloa hadi kiunoni, hajui kama imeloa.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa kati ya tangi na kabureta. Hapo kuna mpira, swichi ya kuchagua tangi na akiba, mpira, chujio la kutenga maji, mpira tena. Mipira yote ilikuwa ya kijivu, ileile iliyotoka nayo kiwandani, kwa nje inang'aa kama mipya. Mashine nyingi za miaka ya 1990 zilitoka na mipira ya kijivu, na mafundi wa Marekani na Ulaya walikuja kuichukia kwa sababu moja: inaoza kwa ndani. Ukuta wa ndani unalainika mwaka hadi mwaka, unageuka ute wa kijani, unasafiri na mafuta. Fundi akaukata mmoja kwa kisu kwa urefu. Ndani kulikuwa na kitu kama mlenda uliolala.

Chujio la nje lilikuwa limekamata kiasi, ila lenyewe halikuwa limeziba kabisa. Mjomba alikuwa akilisafisha kila mwezi na kujiona salama. Tukafungua kabureta. Ndani ya kabureta hizi kuna kichujio kingine, kiwavu kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, ambacho usipoifungua hukioni. Cha silinda ya kwanza kilikuwa na ute kidogo. Cha silinda ya pili, ile ya plagi nyeupe, ile ya tundu, kilikuwa kimepakwa kijani chote, mwanga wa tochi haupiti. Fundi aliyetia pistoni mwezi wa pili hakufika hapo. Wala daktari wetu asingefika, maana kwenye injini zake za boti hakuna kiwavu cha hivyo.

Mipira mipya ya petroli, meusi, vibano vipya, swichi ikafunguliwa na kuoshwa, tangi likasuuzwa. Vifaa vya ndani vya kabureta, viwambo, sindano na gasketi, viliagizwa na kuchukua wiki mbili na nusu kufika. Katika wiki hizo nilisoma mwisho wa ukoo huu. Kabureta hizi za mipigo miwili zilikuwa zinatupa majini takriban robo ya petroli bila kuiunguza. Mwaka 1996 serikali ya Marekani iliweka kanuni za kupunguza moshi wa injini za majini, na kuanzia Juni 1999 Ziwa Tahoe, kati ya California na Nevada, likazipiga marufuku injini za aina hiyo. Mwaka 2002 Yamaha, Honda na Sea-Doo wote walikuwa na za mipigo minne sokoni. Zilizofukuzwa kwenye maziwa ya watu hazikuyeyuka. Zilikaa kwenye magereji, zikauzwa mkono wa pili, wa tatu, zikapanda makontena. Nami nimekula papa na changu wa maji hayohayo ya Kigamboni, kwa hiyo sina uso wa kumshangilia mjomba sana.

Jambo moja lilinikaa. Jetiski za kusimama za mwanzo, ukianguka hazikuzimika. Zilinguruma polepole na kujizungusha mduara, zikikusubiri uogelee uzifikie. Baadaye ikaja kamba ya mkononi inayozima injini ukianguka, ndiyo tunayoitumia leo. Lakini zote mbili zinafikiria mtu aliyeanguka na chombo kizima. Binamu yangu alikuwa ameketi juu ya chombo, hajaanguka, na ndicho kilichokufa.

Mjomba hakuuza. Alikubaliana na mke wake kwa masharti, na masharti yameandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kibanda: mwisho mita mia mbili kutoka ufukweni, kasia fupi ndani ya chombo, simu kwenye mfuko usioingiza maji, na mipira ya mafuta ikaguliwe kila kabla ya Idd na Krismasi. Ya mwisho ameiongeza fundi, ambaye sasa akiletewa jetiski yoyote anauliza rangi ya mpira kabla ya kujibu salamu. Kipande cha kijivu tulichokipasua kimetundikwa kwa msumari kando ya hayo maandishi.

Binamu anafanya kazi palepale kila sikukuu. Anavalisha wateja majaketi, anafunga kamba kwenye mikono yao, anahesabu dakika. Mwenyewe hajapanda tena, na mjomba hajamwambia apande.